Dawa Iliyojaribiwa Kwetu

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya kaskazini, ukapita Kavumu na Katana, Ziwa Kivu linakuandama upande wa kulia mpaka Ihusi, makao makuu ya wilaya ya Kalehe. Uso wa ziwa hilo uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kushoto milima inapanda hadi nyanda za juu ambako ng'ombe hulishwa ndani ya ukungu. Ukiivuka kwenda magharibi, njia inashuka Bunyakiri na Hombo, msitu mkubwa wa Kongo unaanza, na joto linakuwa jingine kabisa. Katika wilaya hii moja mtu hutetemeka kwa baridi alfajiri huku mwenzake akiamka ametota jasho.

Nimeanza na miinuko kwa sababu historia hii ilifumbuliwa na watu waliopima miinuko. Ni historia ya saratani inayovimbisha mataya ya watoto, na ya wazo kwamba dawa kali, ikitolewa kwa kipimo kikubwa kuliko mwili ulivyozoea, inaweza kuifuta kabisa. Leo hospitali za Ulaya na Marekani hutumia wazo hilo kutibu limfoma, yaani saratani ya tezi, na lukemia kali, yaani saratani ya damu. Sehemu kubwa ya somo hilo ilipatikana Kampala na Nairobi, kwenye miili ya watoto wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji mwenzake aje kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Mpasuaji huyo alikuwa Denis Burkitt, Mwairishi aliyezaliwa Enniskillen mwaka 1911, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto, na aliyefika Uganda mwaka 1946 akaanzia kazi Lira. Mtoto alikuwa amevimba pande zote nne za mataya, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa na jibu. Jipu haliwezi kuota mahali panne kwa mpigo, na saratani alizozijua hazikuwa na tabia hiyo.

Wiki chache baadaye alikwenda Jinja. Akiwa hospitalini alitupa macho nje ya dirisha, akamwona mtoto ameketi na mama yake, uso umeumuka vilevile. Alipompapasa tumbo, alikuta uvimbe mwingine ndani. Hapo ndipo alipoanza kushuku kwamba mataya na tumbo ni ugonjwa mmoja. Alirudi Mulago akafukua mafaili ya watoto wote waliowahi kufa kwa uvimbe. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Haki itendeke: Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa wenyewe. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuwaandika watoto wa namna hiyo katika vitabu vyake vya wagonjwa. Na huku kwetu, chini ya Wabelgiji, de Smet aliandika mwaka 1956 juu ya saratani za damu na tezi nchini Kongo. Mwaka uliofuata Thijs alichapisha hesabu ya vivimbe 2,536 vilivyotoka Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Taarifa zao zilitoka kwa Kifaransa katika jarida la jumuiya ya tiba ya tropiki ya Ubelgiji. Alichofanya Burkitt ni kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kwa nini hapa, na kwa nini si pale?

Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto waliovimba akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiomba jibu moja tu: mmewahi kuona hiki? Majibu aliyaweka kwenye ramani kwa pini. Pini zikaacha mapengo makubwa, na ili kuyaelewa mapengo hayo ilibidi aende mwenyewe. Oktoba 1961 aliondoka Kampala katika gari kuukuu la Ford, pamoja na Ted Williams, daktari wa misheni ya Kuluva huko West Nile ambaye pia alikuwa fundi hodari wa magari, na mmisionari mwingine, Cliff Nelson. Kwa wiki kumi walizunguka mashariki na kusini mwa Afrika, kiasi cha kilomita 16,000, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50.

Walirudi na mstari. Karibu na ikweta ugonjwa ulitoweka palipozidi futi 5,000, yaani mita 1,500 na ushee. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo nao ulishuka. Alexander Haddow, aliyekuwa akichunguza virusi huko Entebbe, ndiye aliyefafanua kwamba urefu wa mlima si kitu, kinachotawala ni joto: penye baridi chini ya nyuzi 15 hivi, au penye mvua haba, ugonjwa haupo. Joto na mvua ni nyumba ya mbu. Malaria ikatajwa mapema, na imebaki kuwa nusu ya maelezo hadi leo.

Nusu ya pili ilipatikana London. Burkitt alipotoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex Machi 1961, mmoja wa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Alitoka mle ukumbini akiwa ameamua kuacha kazi nyingine zote. Vipande vya uvimbe vikawa vinarushwa kwa ndege kutoka Entebbe. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege moja kutua London ikapelekwa Manchester, na maji yaliyohifadhi kipande kile yakafika yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwenye hadubini, akaona chembe hai zinaelea. Kutokana na chembe hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Karibu kila mtu duniani anacho. Mtoto anayekipata mapema huku malaria ikimrudia mara kwa mara ndiye aliye hatarini zaidi. Katika miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 huko West Nile, mpakani mwa Kongo, ili kulithibitisha jambo hilo.

Lakini kujua chanzo hakukumponya mtoto aliyelala kitandani. Burkitt alikuwa mpasuaji aliyeona wazi kwamba kisu hakifai. Kukata mataya manne ni kumharibu mtoto uso na bado kumzika. Mionzi nayo haikuwapo Uganda. Kilichobaki kilikuwa dawa, na dawa za saratani zilikuwa na umri wa miaka isiyofika 20. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wamegeuza gesi ya vita ya haradali kuwa sindano ya kuyeyusha uvimbe wa tezi. Mwaka 1948, huko Boston, Sidney Farber alionyesha kwamba watoto wenye lukemia wangeweza kupata nafuu ya miezi kadhaa kwa dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki. Nafuu tu, maana wote walirudiwa na ugonjwa.

Joseph Burchenal wa New York alipofika Afrika Mashariki akitafuta mahali pa kuzijaribu dawa hizi kwa wagonjwa ambao hawajawahi kupigwa mionzi, Burkitt alikuwa tayari. Kwanza walitumia methotreksati, baadaye siklofosfamidi na vinkristini. Watengenezaji walizitoa bure. Matokeo yaliwashangaza wenyewe. Taya lililokuwa kubwa kama chungwa lilinywea ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili na kurudishwa kijijini, ambao kila mmoja aliamini wamekwenda kufa, walionekana tena miaka kadhaa baadaye wakiwa wazima.

Siri iko kwenye kasi ya uvimbe wenyewe. Saratani hii ya mataya ni aina ya limfoma, na chembe zake huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili, na hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua upesi kuliko hiyo. Dawa za tibakemikali hushambulia chembe inayogawanyika, na hapa karibu zote zinagawanyika kwa wakati mmoja. Kasi inayomuua mtoto ndiyo inayoufungulia mlango mshale wa dawa.

Nairobi walikwenda mbali zaidi, na sehemu hii ya historia inasahaulika mno. Katika hospitali ya King George VI, ambayo baada ya uhuru iliitwa Kenyatta, alikuwapo Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo. Yeye alijiuliza kitu gani hasa kinamzuia daktari asiongeze dozi. Jibu ni uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu. Dozi kubwa ya dawa ya haradali huua uvimbe na kuua uboho pia. Baada ya hapo mgonjwa hana chembe nyeupe za kumlinda na vijidudu wala chembe za kugandisha damu, na anaweza kufa kwa homa au kwa kutokwa damu hata kama uvimbe umekwisha.

Basi Clifford na wenzake, R. A. Clift na J. K. Duff, walifanya hivi: walivuta uboho wa mgonjwa kwa sindano nene kutoka mifupani, wakautunza pembeni, wakampiga mgonjwa dozi nzito ya haradali. Dawa hiyo haikai kwenye damu, huisha nguvu ndani ya dakika chache. Ilipokwisha, walimrudishia mgonjwa uboho wake kupitia mshipa kama anavyotiwa damu, nao ukatafuta njia yake hadi mifupani ukaanza kuota upya. Walichapisha taarifa yao katika jarida la Lancet mwaka 1961. Wakati huo kazi ya namna hiyo ilikuwa changa ulimwenguni kote, na ilikuwa ikifanyika Nairobi, katika koloni, miaka miwili kabla ya uhuru.

Clift baadaye alihamia Seattle, akajiunga na kundi la E. Donnall Thomas. Mwaka 1975 jina lake lilikuwa la tatu kwenye makala iliyoufundisha ulimwengu jinsi ya kupandikiza uboho kwa wagonjwa wa lukemia. Huko kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa katika lukemia uboho wenyewe ndio mgonjwa. Huwezi kuutoa ukaurudisha kama ulivyo, bali unatafuta ndugu ambaye tishu zake zinaoana na za mgonjwa. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Ninapolisoma jina la Clift katika orodha ile ya Seattle, nauona mfereji unaotoka moja kwa moja kwenye wodi ya Nairobi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, baada ya wataalamu kukutana Kampala mwezi Januari kupima walichojifunza. Agosti 1967 daktari kijana kutoka Marekani, John Ziegler, alifungua kituo cha tiba ya limfoma katika majengo ya zamani ya Mulago, kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na pamoja na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji wa Uganda aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya juu ya upasuaji Uingereza. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kazi ya Ziegler ilikuwa kuondoa bahati nasibu. Siklofosfamidi ilitolewa kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mtoto, kwa mkupuo mmoja. Baadhi walipewa dozi moja, wengine walirudiwa, kisha wakafuatiliwa mmoja mmoja hadi kijijini kwao, jambo ambalo Burkitt hakuwa na uwezo nalo. Humo wodini yakajulikana mambo ambayo leo kila mwanafunzi wa saratani anayakariri. Uvimbe mkubwa ukiyeyuka ghafla, taka za chembe zilizokufa hufurika kwenye damu, figo huziba, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo mtoto lazima anyweshwe na kutundikiwa maji mengi kabla dawa haijaingia. Ugonjwa hujificha katika maji ya uti wa mgongo na ubongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vizuri, na ni lazima ufuatwe huko kwa sindano ya mgongoni. Mtoto anayerudiwa baada ya miezi mingi bado anaweza kupona kwa dawa ileile, lakini anayerudiwa mapema anahitaji kitu kikali zaidi.

Hicho kikali zaidi kilitafutwa na wengine waliopita katika wodi hiyohiyo. Ian Magrath, Mwingereza aliyefanya kazi Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwenda Marekani na kuunganisha dawa nyingi kwa dozi kubwa zinazopishana kwa majuma. Mpango wake uliochapishwa mwaka 1996 bado unatumika, au umezaa mipango inayotumika, katika hospitali kubwa duniani. Huko karibu watoto tisa kati ya kumi wenye saratani hii, inayoitwa limfoma ya Burkitt, hupona.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, iliyo kubwa kupita zote za tiba nchini Marekani, ilitolewa kwa waliovumbua tibakemikali inayoponya. Burkitt alikuwamo, Burchenal na Ziegler pia, na V. Anomah Ngu, Mkameruni aliyefanya kazi hiyo Ibadan. Walistahili. Watoto ambao miili yao ndiyo iliyotoa majibu hawamo katika orodha yoyote, wala mama zao waliokesha nao wodini bila kujua kama dawa ile itaokoa au itaua. Mimi nawahesabu kuwa waanzilishi.

Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, Wamarekani wakaondoka, Ziegler naye. Hapo ndipo watu wengi wangetarajia kituo cha Mulago kifungwe. Hakikufungwa. Charles Olweny alikichukua, akaendelea kutibu na hata kuchapisha majaribio ya dawa katikati ya miaka ambayo Kampala ilikosa mambo ya msingi kabisa. Baadaye vita na umaskini vilikidhoofisha hadi Jackson Orem, aliyepewa uongozi miaka ya 2000, akajikuta karibu peke yake kama daktari bingwa wa saratani katika nchi nzima. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na kituo cha Seattle kilekile alichokuwamo Clift. Rwanda ilifungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, na wagonjwa kutoka nje ya nchi hiyo hupokelewa humo. Mwaka 2021 Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uboho wa mgonjwa mwenyewe, jambo lilelile la Clifford, miaka 60 baadaye.

Nirudi Kalehe. Ihusi iko chini kidogo tu ya mstari wa Burkitt. Kwenye nyanda za juu ugonjwa huu unatarajiwa kuwa adimu. Upande wa Bunyakiri, kwenye joto na mbu, una kila unachokihitaji, na Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa malaria. Watu nao hawakai mahali pamoja. Vita vya miaka 30 vimewapandisha na kuwashusha milima mara nyingi, na Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua mamia na kuwahamisha maelfu. Kwa hiyo muuguzi wa ng'ambo yoyote ya milima anaweza kukutana na taya lililovimba.

Tiba inayohitajika si miujiza. Siklofosfamidi ni dawa ya zamani na ya bei nafuu kuliko nyingi za saratani. Ugumu uko kwenye yanayoizunguka: hadubini na mtu wa kuisoma, ili jipu la jino lisitibiwe kama saratani wala saratani kama jipu, serumu ya kutosha kabla ya dozi, damu salama ya kuongeza uboho unapolala, kitanda mbali na wenye kifua kikuu, na barabara ambayo mtoto anaweza kupita kwa siku ya tiba ya pili na ya tatu. Lukemia kali inadai zaidi, miaka miwili au mitatu ya dawa na damu nyingi, na kwa mgonjwa wa Kalehe hilo bado linamaanisha safari ndefu nje ya jimbo. Lakini limfoma ya mataya inaweza kutibiwa Bukavu mjini pakiwa na amani na dawa ghalani. Kutoifikisha tiba hii huku, baada ya watoto wa ukanda wetu kuusaidia ulimwengu kuijua, ni deni, na deni hilo ni la serikali na la mashirika yote yanayojenga afya ya Kivu.

Kwa wazazi wa Ihusi, Nyabibwe, Minova, Bunyakiri na Kalonge, na kwa wauguzi wa vituo vyetu vya afya: mtoto ambaye taya lake linavimba, meno ya magego yanalegea kabla ya wakati, jicho linatokeza, au tumbo linajaa haraka bila sababu, asingojee soko lijalo wala apakwe dawa ya jipu kwa wiki nzima. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kati ya Jumatatu na Jumatano. Mpelekeni hospitali kubwa ya Bukavu juma hilohilo, na mkifika huko ombeni kipande cha uvimbe kitazamwe kwa hadubini.